Nesi wa Maji Machungu

Kabla hajauliza maumivu yako wapi, kabla hata hajakaa vizuri kwenye kiti, nesi wetu alikuwa akiuliza habari za choo. Alimwuliza hivyo mwenyekiti wa mtaa mbele ya wajumbe wake. Alimwuliza sheikh mmoja mwenye ndevu nyeupe ambaye, nina hakika, hakuwa ameulizwa jambo hilo na mwanamke yeyote tangu mama yake mzazi. "Shikamoo sheikh, umepata choo?" Yote kwa pumzi moja, kana kwamba hilo la pili ni sehemu ya salamu. Sheikh akatazama ukutani. Nesi akasubiri. Alijua kusubiri kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, na mwishowe sheikh akajibu kwa sauti ndogo, akiuambia ukuta, kwamba tangu juma lililopita hali haikuwa nzuri.

Sababu ilikuwa dawa. Kazi yake ilikuwa kuwatembelea majumbani wagonjwa ambao hospitali haikuwa na tiba zaidi ya kuwapa, wengi wao wa saratani, na kuwapelekea mofini. Ni maji machungu kwenye chupa ya plastiki, yanatuliza maumivu ambayo panadoli haiyagusi, na yanafunga tumbo. Kwa hiyo kila alipotoa chupa alitoa na amri ya papai. Mtu akifa hapa Tabora kwa shida, alikuwa akisema, ujue nyumba hiyo haikununua papai.

Nilimfahamu kwa sababu nilimshonea nguo. Kibanda changu cha cherehani kiko Gongoni, na yeye alikuwa amepanga nyumba ya nyuma yangu. Aliniita Fundi, nami nikamwita Nesi, na kwa miaka yote ile hatukuona haja ya majina mengine. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, na kila alipokuja kupimwa gauni la kazi tulifanya mchezo uleule. Nilizungusha futi ya kitambaa kiunoni mwake, naye bila kuangalia akasema, "Andika themanini." Futi ilisema kitu kingine, tena mbali sana na hapo. Nilitaja themanini kwa sauti, nikakata kitambaa kwa kipimo cha kweli, na alipolivaa gauni alijigeuza mbele ya kioo akasema, "Unaona? Themanini inanitosha kabisa."

Alidanganya kuhusu umri wake pia, na kuhusu chumvi, ambayo aliambiwa aache akasema ameacha. Alidanganya kwenye karata mpaka watu wakakataa kucheza naye. Lakini mgonjwa hakumdanganya hata siku moja. Niliwahi kwenda naye Isevya kumwona mteja wangu, mama aliyekuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Yule mama alimshika mkono akamwuliza, "Nesi, nitapona?" Ndugu wote waliokuwa chumbani wakaanza kumkonyeza Nesi. Yeye akasema, "Hapana, mama. Lakini leo utalala." Nilidhani yule mama angelia. Alichosema ni, "Afadhali. Hawa wamenichosha na kupona kwao."

Alitembea kwa pikipiki ndogo nyekundu, ya kwake mwenyewe. Mtu mnene vile juu ya pikipiki ndogo vile, ilikuwa kama anaikimbiza kwa kuikalia. Mlio wake ulijulikana mitaa yote, na ulipokaribia, watu walinyamaza. Kwa sababu watu walikuwa wamepiga hesabu zao: Nesi akiingia nyumba fulani, haupiti muda mrefu turubai linafungwa uani. Wakasema ni yeye anayewamaliza. Wakasema ile chupa ni ya kuwapunguza wazee. Mwenye duka mmoja wa Kihindi pale mjini, mzee mpole sana, alimwomba kwa adabu asiegeshe pikipiki mbele ya duka lake maana wateja walikuwa wanavuka barabara. Nesi akahamisha pikipiki. Mwaka uliofuata mama wa yule mwenye duka aliugua, Nesi akawa anaenda kila Jumanne, na tangu hapo mwenye duka akawa anamtolea kiti nje ili watu wamwone.

Sitasahau alivyopata pancha mtaa wa Cheyo. Tairi lilikwisha upepo mbele ya nyumba ya mzee mmoja mzima kabisa, mfuga mbuzi. Nesi akabisha hodi kuomba kivuli wakati kijana mmoja wa bodaboda anaenda kumtafutia fundi wa tairi. Mzee akafungua mlango, akamwona, akakaa chini palepale kizingitini. Nesi akamwambia ni pancha tu. Mzee akatikisa kichwa kama mtu anayeelewa kwa nini anafichwa. Kufika alasiri alikuwa ameita watoto wake wa kiume, amegawa mbuzi, na ameeleza azikwe upande gani. Nesi alikunywa chai yake, tairi likazibwa, akaondoka. Mzee yule akaishi miaka na miaka baada ya hapo, bila raha, kwa sababu kila mtoto alikwishajua mbuzi wake ni yupi na akawa anakuja kuwahesabu.

"Ungemwambia kwa nguvu kwamba siyo," nilimlaumu.

"Nilimwambia. Aliniuliza kama nina hakika kwamba hatakufa. Ningesemaje?"

Mwenyewe aliogopa sindano. Jino lilipomwuma alizunguka na shavu lililovimba akitafuna karafuu, mpaka wauguzi wenzake wakamshika kwa nguvu kumpeleka kung'olewa, na walisema alipiga kelele kuliko watoto. Misibani hakwenda kabisa. "Mimi nimeshaaga," alisema. Harusini alikwenda hata kwa watu asiowajua, akaomba ukoko wa pilau.

Alipokuja nyumbani kwangu kikazi, nilikuwa nimemfahamu miaka mingi, na bado niliposikia pikipiki inazimwa mlangoni nilikaa chini palepale kama yule mzee wa mbuzi.

Mgonjwa alikuwa baba. Alikuwa mtu wa reli. Alimalizia kazi akiwa mkuu wa stesheni Tura, kisha akarudi Tabora kukaa na mimi na dada yake, yaani shangazi yangu. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeingia kwenye mifupa. Baba hakuwa mtu wa kulalamika, lakini ilifika mahali akawa anauma kona ya mto. Nesi alimwambia aonyeshe maumivu kwa vidole vya mkono mmoja. Baba akainua vitano, akafikiri, akainua na mkono wa pili.

Nesi akatoa chupa, akaeleza kiasi na saa. Alipomaliza, baba akamwomba Shangazi aende jikoni. Mimi nilibaki mlangoni.

"Nesi," baba akasema, "wewe ni mtumishi wa serikali na mimi nilikuwa mtumishi wa serikali, kwa hiyo tuambiane ukweli. Hiyo chupa nikiinywa yote?"

"Utatapika, utaharibu godoro la Fundi, na mimi nitaandika maelezo mpaka nistaafu."

"Sitanii."

"Najua hutanii. Mimi ndiye ninayetania, kwa sababu umenitisha." Akavuta kiti karibu. "Niambie, mzee wangu. Unataka nini kiishe? Wewe, au haya maumivu?"

Baba aligeuza ile kona ya mto aliyokuwa akiiuma. Kisha akasema, "Sijui tena kama kuna tofauti."

"Basi nipe mpaka Ijumaa tuyaondoe maumivu kwanza. Ijumaa uniulize tena. Nitakaa hapahapa tuzungumze."

"Ijumaa utanipa?"

"Hapana. Ijumaa nitakukatalia ukiwa umelala vizuri. Ni tofauti kubwa."

Baba akacheka. Kicheko kilimwumiza, akashika kiuno, akaendelea kucheka.

Lakini kesho yake maumivu yalikuwa palepale, na keshokutwa vilevile. Nesi akaja, akamtazama baba, akaitazama chupa, akanitazama mimi. Kisha akaenda jikoni kwa Shangazi, akaanza kumsaidia kuchambua mchele. Alisubiri. Mwisho Shangazi akainuka, akafungua kopo la unga wa muhogo, akatoa kikombe kidogo alichokuwa amemiminia mofini. Alichokuwa akimpa baba ni maji yaliyotiwa mwarobaini.

Mimi ningepiga kelele. Nesi akauliza, "Shangazi, unaogopa nini hasa?"

"Hiyo dawa inalaza watu," Shangazi akasema. "Ndugu yangu akilala, mauti yakimkuta usingizini hajatamka shahada, nitamwambia nini Mungu? Kwamba nilimnywesha mimi mwenyewe?"

Nesi alikuwa Mkristo, mwimbaji wa kwaya mwenye sauti mbaya, na nilitegemea amwambie Shangazi hayo ni mambo ya zamani. Hakusema hivyo. Alikaa juu ya kigoda akauliza saa za swala, zote, na ipi baba anaipenda zaidi. Akauliza kama ni lazima kutamka kwa sauti. Kisha akapanga upya saa za dawa ili baba awe macho alfajiri na magharibi, na akasema kusinzia kwa mwanzo kutapungua mwili ukizoea. Alipoona Shangazi bado ana wasiwasi alimleta yule sheikh mwenye ndevu nyeupe, mgonjwa wake wa papai, aliyekuwa bado hai, akitembea kwa fimbo. Sheikh akasema mtu anayeng'ata mto kwa maumivu hana nafasi ya kumkumbuka Mola wake vizuri, na dawa ni dawa. Halafu, akiwa anaondoka, akamnong'oneza Shangazi ahakikishe papai linakuwepo.

Ijumaa baba alikuwa ameegemea ukuta, amenyolewa ndevu, akidai apikiwe wali wa mchele wa Igunga, siyo huu mwingine tunaomdanganyia. Nesi akaingia, akavuta kiti.

"Ijumaa imefika," akasema. "Uliza."

Baba akapepesa macho. "Sina haraka sana. Lakini nimechoka, Nesi. Siyo maumivu. Nimechoka tu."

"Uchovu huo sina dawa yake, wala sitakupa kitu cha kukuondoa. Ila kuna vitu vingi tunaweza kuacha kukufanyia, ukitaka."

Wakaanza kuvitaja kimoja kimoja, kama watu wanaopunguza mizigo kwenye behewa. Dripu, baba akasema iachwe. Kutolewa damu kila mara kwenda kupimwa, kuachwe. Uji wa lishe wa Shangazi, hapo baba alitazama mlangoni kwanza, ndipo akasema nao uachwe.

Kaka yangu akafika kutoka Dar es Salaam na mpango tofauti. Alikuwa ameshazungumza na mwenye gari la wagonjwa. Baba apelekwe hospitali kubwa Mwanza. Tulikaa uani, yeye, mimi, Shangazi na Nesi.

"Kwa hiyo tumwache afe," kaka akasema.

"Anakufa, tumwache tusimwache," Nesi akasema. "Madaktari wa huko wameshamwona na wamesema hawana tiba zaidi. Tunachochagua sasa ni kama atafia hapa akimsikia dada yake anagombana na kuku, au njiani Nzega ndani ya gari akimsikia dereva anabishana na trafiki."

"Na wewe unamwongezea dawa kila wiki. Utajuaje kwamba siyo wewe unayemwua?"

Lilikuwa swali la haki, na alilipokea hivyo. Hakutania.

"Naongeza maumivu yakiongezeka. Nampima, namtazama anavyopumua, naongeza kidogo, narudi kumtazama tena. Nikiongeza kwa sababu nyingine yoyote, kwa sababu ninyi mmechoka, au mimi nimechoka, au hata yeye ameniomba, hapo nitakuwa nimefanya kitu kingine. Siku hiyo nipelekeni polisi." Akanigeukia mimi. "Na Fundi anishonee sare ya jela."

"Kiuno themanini," nikasema.

Kaka alitutazama kama wendawazimu. Lakini akaingia ndani kwa baba, akakaa huko mpaka jua likapungua, na alipotoka alipiga simu kulifuta lile gari. Hakunieleza walizungumza nini. Alikaa nasi mpaka mwisho na kumwogesha baba akawa anamwogesha yeye.

Shahada nayo ilipata ufumbuzi kwa namna ya baba mwenyewe. Alizoea kazi ya reli ambayo mtu hafiki stesheni pamoja na treni, anaitangulia. Kwa hiyo kila alipoletewa kikombe cha dawa aliitamka shahada kwanza, taratibu na kwa ukamilifu, ndipo akanywa. Shangazi alikaa karibu akiisikiliza. Baba alikufa mchana mmoja, baada ya dawa ya adhuhuri, kaka akiwa amemshika mguu na Shangazi akiwa nje anamfukuza jogoo kwenye mtama. Shangazi alipoingia na kumkuta amekwisha ondoka, jambo la kwanza aliloniuliza ni kama aliitamka kabla ya kikombe. Nikamwambia aliitamka. Akakaa chini, akalia kwa utulivu.

Nesi hakuja msibani, kama kawaida yake. Alikuja watu walipokwisha tawanyika, akachambua mchele na Shangazi.

Watu wakiniuliza alikuwaje, huwa nasimulia mbuzi na papai. Lakini kuna siku moja alikuja kibandani kwangu akakaa kwenye benchi la wateja, na nilipotoa futi akaisukuma. Mofini ilikuwa imeisha hospitalini. Siku zilipita, na kila akiuliza aliambiwa iko njiani. Alikuwa anatoka kwa mama mmoja kijijini, njia ya Sikonge, mwenye uvimbe uliokula shavu. Alikuwa amemfikia na panadoli na maneno.

"Ameniomba," akasema. "Siyo kama baba yako. Baba yako aliomba kama mtu anayeuliza bei. Huyu ameniomba hasa."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimshika mkono. Nikamshika mpaka nikamchukia, Fundi. Nilimchukia kwa kuniomba kitu nilichokuwa nataka kumpa." Akachezea kipande cha kitambaa. "Wanakuja wageni kwenye semina kutuuliza kama ni sawa kumsaidia mtu kufa. Swali zuri. Mimi nasema tuleteeni dawa kwanza, mwaka mzima, isikatike, kila kijiji. Halafu tukae tujadili hao watakaobaki wanaomba. Watabaki, najua. Wapo. Lakini huyu wa leo hakuwa anaomba kufa. Alikuwa anaomba mofini, na jina la mofini halijui."

Dawa ilikuja baadaye. Haikumkuta mama yule hai.

Nesi alistaafu. Pikipiki akaiuza, akahamia Sikonge kwa binti wa dada yake, akawa ananitumia asali na salamu za matusi. Kisha salamu zikapungua, na binti yule akanipigia simu kwamba mama yake mdogo anaumwa, ni saratani, ugonjwa uleule wa wale aliokuwa akiwahudumia, na umeshafika kwenye ini. Nikafunga kibanda nikapanda basi.

Nilimkuta kitandani karibu na dirisha. Alikuwa amepungua mno. Niligeukia dirisha nifute macho, naye akaniona.

"Usinililie, Fundi. Huyu nesi anayekuja kunihudumia ananitosha. Kijana mzuri, lakini anaona haya kuniuliza choo. Nimemwambia, uliza kwa sauti, mimi siyo mke wa askofu."

Tulizungumza. Saa ya dawa ya mchana ikafika, binti akaleta kikombe, na Nesi akamwashiria akiweke dirishani. Nusu saa ikapita. Niliona midomo inakauka na mkono unakamata shuka. Nikamwambia anywe. Akakataa.

"Wewe ndiye uliyetufundisha dawa inywewe kwa saa yake," nikasema, nikiwa nimekasirika kweli. "Wewe ndiye uliyemwambia baba kwamba kuvumilia hakuna zawadi."

"Hakuna. Sivumilii kwa ajili ya zawadi." Akavuta pumzi. "Wanawake wa jumuiya wanakuja saa tisa kuniombea. Kabla ya sala wanazungumza. Kuna mjane wa hapa jirani, anauza asali, ana mchumba wa siri. Tangu juzi wananisimulia. Nikinywa saa nane nasinzia kabla hawajafika kwenye jina la mwanamume."

"Na kwa ajili ya hilo unaumia?"

"Maumivu ni yangu na saa tisa ni yangu. Nilikuwa nawapangia watu. Baba yako nilimpangia kwa swala. Mimi najipangia kwa umbea. Ukiona imenizidi nitakuambia, nawe utanipa. Nataka tu niwe nimechagua."

Nikampa mkono, akaushika chini ya khanga ili binti asione anavyoukamua.

Wanawake wakaja, wanne, na Biblia zao. Wakakaa kwenye jamvi, wakaulizia hali, wakasifu asali ya mwaka huu, na kwa njia hiyo wakamfikia mjane. Waliizunguka habari kwa raha zao: pikipiki iliyoonekana, kuku aliyechinjwa siku isiyo ya sikukuu, shati la kiume kwenye kamba. Mkono wangu uliuma. Nesi alikuwa amefumba macho, jasho limesimama juu ya mdomo, na sikio lake lote liko jamvini. Mwisho yule mkubwa wao akainama mbele akasema ni mwalimu wa kwaya.

Nesi akafumbua macho. Mwili ulitikisika kidogo kwa kicheko ambacho hakuweza kukitoa.

"Nilijua," akasema. "Hajui kuimba, lakini ana shamba." Kisha akaugeuza uso kwangu. "Haya. Nipe sasa."

Nikamwinua kichwa, nikamnywesha, nikamfuta mdomo. Wanawake wakaanza kusali. Sala ilikuwa ndefu, na kabla hawajafika amina mkono wake ulilegea ndani ya wangu, akawa anapumua taratibu, amelala. Wakamalizia kwa kunong'ona. Tukamtazama anavyolala vizuri. Kisha mmoja wao akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningependa kuisikia habari ya mjane tangu mwanzo, kwa kuwa nilikuwa nimeikuta mwishoni. Nikasema ningependa, nikahamia jamvini.